Mbona Jiko Hupasuka?

Hapa Voi nyumba nyingi zina lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba. Lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likitoka Thailand. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Udongo huo huzuia joto lisipotee ovyo, hivyo makaa machache huivisha maharagwe.

Juzi nilimwagia jiko letu maji likiwa moto ili nizime makaa. Likalia pa! Ufa huo! Mama hakunigombeza, lakini debe la makaa lililotutosha wiki likawa linaisha kwa siku nne.

Kumbe udongo ukipata moto hutanuka. Ukipozwa ghafula, upande uliolowa hunywea kabla ya mwingine, ndipo hupasuka. Nalo bati huliwa na kutu majivu yakilala humo na unyevu.

Basi tufanyeje? Toa makaa kwa koleo, uyazime kando. Mwaga majivu kila siku. Udongo ukivunjika usitupe bati, fundi wa jua kali hutia mwingine. Letu limetiwa, kwa pesa zangu za chakula cha mchana! Usipoziba ufa utajenga ukuta.