Baba ana Parkinson: betri ya kifuani itamponya?

SWALI: Baba anatetemeka kwa Parkinson mwaka wa tisa sasa. Vidonge vinamsaidia saa mbili tatu, kisha mwili unakakamaa tena. Nasikia kuna waya unaowekwa kwenye ubongo. Atapona?

JIBU: Kupona, hapana. Kupata nafuu, inawezekana sana.

Daktari wa upasuaji hutoboa fuvu, akapitisha waya mwembamba hadi kwenye kiini kidogo ndani kabisa ya ubongo. Waya mwingine hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri iliyozikwa kifuani. Umeme mdogo, mara nyingi mipigo kama 130 kwa sekunde, hutuliza ishara zilizovurugika. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati wa upasuaji, ili mkono uonekane ukitulia palepale. Tiba hii ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa Profesa Alim-Louis Benabid.

Hali ya baba yako, dawa kufanya kazi kisha kuisha nguvu mapema, ndiyo hasa inayofaa. Dalili zinazotulia kwa levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndizo hutulia kwa umeme. Ni kutetemeka tu kunakoweza kutulia hata dawa ikishindwa. Kuyumba na usemi hafifu havisaidiki sana. Akiwa ameanza kupoteza kumbukumbu, mimi nisingemshauri.

Kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi. Betri nyingi hubadilishwa baada ya miaka michache, na gharama ni kubwa. Kwanza mpelekeni kwa daktari bingwa wa mfumo wa fahamu apange upya dozi. Asiache vidonge ghafla.