Somo la Usalama: Kifaa Huita, Watu Ndio Huokoa

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwetu sisi tuishio katika miteremko ya Mlima Elgon, usemi huo una mpaka wake: aliye juu asiposhuka kwa saa aliyoahidi hangojwi tena, hutafutwa. Somo la toleo hili linahusu kifaa kidogo kinachorahisisha utafutaji huo, pamoja na mambo ambayo kifaa hicho hakiwezi kuyatenda bila sisi.

Hatari iliyopo

Kilele cha Wagagai, chenye kimo cha mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kilele cha Koitobos kiko upande wa Kenya. Wapo wasafiri wanaopanda kutoka nchi moja na kushukia nchi ya pili, kwa safari ya siku kadhaa. Huko juu ukungu hutanda ghafla, usiku baridi huweza kugandisha maji, na simu hukosa mtandao katika sehemu nyingi. Aliyevunjika mguu mahali kama hapo hawezi kupiga 999 wala 112. Tena hatari hiyo si ya mgeni peke yake. Waongozaji na wapagazi, ambao ni watoto wetu, hupita njia zizo hizo, pengine wakiwa na mavazi hafifu kuliko ya wageni wao.

Kifaa chenyewe

Kifaa hiki hujulikana kwa herufi PLB, nacho hutoshea kiganjani. Antena yake ikiinuliwa na kitufe kikabonyezwa, hutuma ishara ya dharura katika masafa ya megahetsi 406 kila baada ya sekunde 50 hivi. Ishara hupokewa na setilaiti za mpango wa kimataifa uitwao Cospas-Sarsat, ulioasisiwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Kutoka huko taarifa hufikishwa kwenye vituo vya kuratibu uokoaji. Kifaa chenye GPS hutaja mahali kilipo, kwa kawaida ndani ya mita 100 hivi. Ishara ya pili, ya megahetsi 121.5, huwaongoza waokoaji waliokwisha kukaribia. Hakuna malipo ya kila mwezi, na betri nzima hutakiwa kudumu saa 24 au zaidi baada ya kuwashwa.

Mfano wa kutafakari

Tuchukue mfano wa kundi la wageni wawili, mwongozaji na mpagazi. Kifaa kimefungwa ndani ya mzigo, na mpagazi ametangulia nao kambini. Nyuma yake mwongozaji anateleza na kuumia kiuno. Msaada uko saa mbili mbele yao, ndani ya mfuko. Hatimaye kifaa kinawashwa, na kituo kinapiga simu kwa mtu aliyeandikishwa na mwenye kifaa. Mtu huyo yuko mbali na anajua neno moja tu: ndugu yake yuko Afrika Mashariki. Hajui ni mlima upi, wapo wangapi, wala walipanda kutoka nchi gani. Kifaa kimefanya kazi yake. Watu hawakuifanya ya kwao.

Kanuni za kushika

1. Kisajili kifaa kabla ya safari, na uandike namba za simu za watu wanaopatikana. Nchi zisizo na daftari lao zinaweza kutumia daftari la kimataifa la Cospas-Sarsat. Ukikiuza au kukiazima, rekebisha maelezo.

2. Waachie watu hao ratiba kamili: njia, idadi ya watu, siku na saa ya kurudi, na mahali pa kuvukia mpaka. Anayevuka aarifu pia idara za uhamiaji na askari wa hifadhi wa pande zote mbili.

3. Kifaa kivaliwe mwilini, kisiwekwe mzigoni. Kila mmoja katika kundi, mpagazi akiwemo, aonyeshwe namna ya kukiwasha.

4. Usikiwashe ndani ya pango. Elgon ina mapango mengi, na aliyeloa hukimbilia humo. Kifaa kinahitaji kuona anga; mmoja atoke nje, akiweke mahali peupe, antena ikielekea juu.

5. Ukishakiwasha, usikizime ili kuokoa betri, wala usihame pasipo lazima. Vifaa vingi havileti jibu. Kimya si dalili ya kusahauliwa.

6. Kitumike pale tu uhai unapokuwa hatarini. Kikiwaka kwa bahati mbaya, kizime na utoe taarifa mara moja.

Asiye na kifaa asidhani ameachwa bila njia. Filimbi au tochi itoe ishara sita kwa dakika moja, kisha atulie dakika moja na kurudia. Anayesikia ajibu kwa ishara tatu kwa dakika. Vyama vya waongozaji navyo vyaweza kuchanga na kununua kifaa kimoja cha kupokezana.

Wajibu wa jirani

Mwezi wa Agosti mwaka 2012, helikopta tatu za jeshi la Uganda zilianguka katika Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia. Waliopanda kuwatafuta Waganda hao walikuwa Wakenya. Hilo nalitukumbushe kwamba siku ya msiba mlimani, jirani ndiye aliye karibu. Setilaiti yaweza kutaja mahali, lakini haijui kijito kipi kimefurika wala njia ipi imefunikwa na matope. Mwenye kujua hayo ni mchungaji, mrina asali na mkulima. Kwa hiyo, ukisikia filimbi au ukiambiwa kuna aliyepotea, usiulize kwanza ni wa upande gani. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, nasi tutawasiliana na wenzetu wa ng'ambo.

Maswali ya kujadili nyumbani na barazani

1. Kijana wako akipanda mlima kesho, unajua atapita njia ipi na atarudi saa ngapi?

2. Asiporudi, utampigia nani kwanza, nawe utamweleza nini?