MSULI WA MGUU UKIKAZA USIKU, FANYA NINI?

Ndugu msomaji, je, umewahi kuamshwa usiku na kigimbi kilichokaza kama jiwe? Iwe unaishi Rhino Camp, Lobule kule Koboko, au umepanga chumba Mvara mjini Arua, tatizo hili unalijua. Si uchawi wala sumu. Ni msuli umejikaza wenyewe na haujalegea.

Kwa nini hutokea?
Mara nyingi ni uchovu: kusimama foleni muda mrefu, kutafuta kuni mbali, kubeba jerikani la lita 20. Huwapata pia wajawazito, wazee, watu waliopungukiwa maji kwa jua kali au kuhara, na wanaotumia baadhi ya dawa. Wakati mwingine sababu haionekani.

Ukikazwa:
1. Nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu taratibu kuelekea kwako. Kama huvifikii, pitisha kitenge chini ya wayo uvute ncha zake mbili.
2. Shikilia mpaka msuli ulegee, halafu ukande kwa mikono.
3. Maumivu yakibaki, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Ili usirudi tena:
- Kila jioni simama mbele ya ukuta, uuegemee kwa mikono. Rudisha mguu mmoja nyuma, kisigino kibaki chini. Hesabu mpaka 30, kisha badilisha mguu. Rudia mara tatu.
- Kunywa maji safi mchana kutwa. Ukihara, kunywa maji ya ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.
- Usilalie blanketi linalobana vidole vya miguu.

Usifanye haya:
- Usichanjwe kwa wembe. Wembe huleta vidonda, pepopunda na virusi vya UKIMWI, na msuli haupati nafuu.
- Usimeze kwinini iliyobaki baada ya malaria. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kukutoa damu.
- Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuongea na mhudumu.

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa:
- mguu mmoja umevimba, una joto na unauma bila kuacha. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiongezeka ugumu wa kupumua, usingoje hata kidogo;
- taya inakaza, hasa ukiwa na kidonda. Hiyo inaweza kuwa pepopunda.

Mama mjamzito, mweleze mkunga siku ya kliniki. Nawe msomaji, mfundishe jirani zoezi la ukuta leo jioni. Halina gharama.