Kenge na Kipepeo: Maumbile Yao na Dhana za Watu

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa kenge akikatiza njia mbele ya msafiri, safari ina nuhusi. Na kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yu njiani. Mtume (S.A.W.) alikwisha kuibatilisha tiyara, yaani kubashiri heri au shari kwa mwendo wa ndege na wanyama, basi hapana haja ya kurefusha maneno juu ya hukumu yake. Tutakalo hapa ni kuwatazama viumbe hawa wawili jinsi Mwenyezi Mungu alivyowaumba.

Ama kenge wa maji, aonekanaye kandokando ya mito ya Tana na Sabaki, huweza kupita urefu wa mita 2. Ulimi wake wenye ncha mbili, ambao wengine huudhania kuwa ni mwiba wa sumu, ni chombo cha kunusia: huutoa akaokota harufu hewani, akajua kilipo chakula. Hula kaa, samaki, mizoga na mayai, hata ya mamba. La ajabu zaidi ni uzazi wake. Mvua inyeshapo na udongo ukalainika, jike hutoboa kichuguu, akataga humo mayai na kwenda zake. Mchwa, wasijue wamhifadhia nani, huliziba tundu. Na joto la kichuguu huyalea mayai kwa miezi mingi. (Wala asichanganywe na dhabb, aliyeliwa na Khalid bin Walid mbele ya Mtume. Yule ni mla majani wa jangwani. Kenge ni mla nyama, na kwa Kiarabu huitwa waral.)

Ama kipepeo, tumchukue yule wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mbawa zilizotiwa madoa meupe, ambaye wataalamu humwita Danaus chrysippus. Huyu tumpendaye kwa uzuri ndiye aghalabu mwenye sumu! Akiwa kiwavi hula majani ya mimea yenye utomvu mweupe, na sumu yake hubaki mwilini hata baada ya kuota mbawa. Ndege aliyekwisha kumwonja humwacha. Rangi zile, basi, ni onyo. Na yuko kipepeo mwengine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu, ambaye jike lake limevaa sura hiyo hiyo, na ndege humwogopa bure.

Tumeulizwa vilevile juu ya kenge aingiaye uani. Huyo amefuata mayai ya kuku. Mwenye kuku na azibe matundu ya banda lake, asende kwa mganga.