Ulimi Unaovuka Mpaka: Somo Juu ya Kuacha Mazoea ya Kuwadharau Wengine



Ugomvi wa sokoni mara nyingi huanza na neno dogo. Mama amevuka na furushi lake la dagaa, mteja anabisha bei, mara anasema, "Ninyi watu wa ng'ambo ni wezi tu." Mama anajibu kwa tusi la kabila. Vijana wa bodaboda wanaingilia, kila mmoja akitetea wa kwao. Kufikia jioni kuna mtu mwenye jeraha, na hakuna anayekumbuka bei ya dagaa ilikuwa ngapi.

Dharau ni nini? Ni kumpima mtu kwa taifa lake, kabila lake, kazi yake, lafudhi yake au ulemavu wake, kisha kumshusha mbele ya wenzake. Wengi hujitetea kwamba ni utani. Lakini utani una masharti yake: watani hujuana, kila mmoja ana haki ya kujibu, na wote huachana wakicheka. Akicheka mmoja na mwingine akainamisha kichwa, huo si utani.

Mwenye kumshusha mwenzake hutafuta kujiinua. Aghalabu ni mtu anayeogopa kupokonywa wateja, au naye alidharauliwa asubuhi na mkubwa wake, akatafuta mnyonge wa kumtwika aibu hiyo. Hivyo dharau hupokezanwa kama mzigo, wala hakuna anayeutua.

Tena, huyo tunayemwita mgeni ni nani? Hadi mwaka 1902, nchi ya magharibi mwa Kenya, pamoja na Kisumu, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mpaka ulisogezwa kwa amri ya watawala, watu hawakusogea. Hata leo Wasamia na Wateso wako Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, nao huozana na kuzikana. Anayemtukana mtu wa ng'ambo huenda anamtukana mjomba wake.

Wala tusidhani maneno hayaui. Nchini Rwanda, Watutsi waliitwa "mende" kwa miaka mingi, hata redioni, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mtu akishaitwa mdudu, anayemkanyaga hudhani hajaua mtu. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliotumia redio na gazeti kueneza chuki hiyo.

Nasi polisi hatumo nje ya somo hili. Askari anayemfokea msafiri kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi ya kigeni amevunja heshima ya sare aliyoivaa. Tunalikiri hilo, na tunawaomba mtukumbushe.

Mazoea haya huachwaje?

1. Jisikilize kwa siku saba. Kila jioni jiulize: leo nimemwita nani kwa jina asilolipenda?
2. Sema kosa, usiseme kabila. "Chenji hii imepungua" ni dai linaloweza kujibiwa. "Watu wenu ni wezi" halina jibu ila ngumi.
3. Usicheke. Mwenye dharau hula kicheko cha wasikilizaji, akinyimwa, hunyamaza.
4. Omba radhi mahali pale pale ulipotukana. Aliyeaibishwa sokoni hatoshelezwi na radhi ya kichochoroni.
5. Chunga kinywa nyumbani. Mtoto hazaliwi na dharau. Huiokota mezani petu.

Na wewe uliyetukanwa, usilipize kisasi. Mwendee mwenyekiti wa kijiji upande wa Uganda, chifu upande wa Kenya, au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi wa mpakani twahitajiana kila siku: leo unauza, kesho unanunua, leo unapokea mgonjwa, kesho unavushwa wewe.

Maswali ya kujadiliana barazani: Ni majina gani ya dharau yanayotumika sokoni kwetu? Nani huumia yanaposemwa? Na ni nani miongoni mwetu atakayekuwa wa kwanza kuyaacha?