SOMO: KUCHAGUA CHUO KIMOJA

Soma Luka 14:28–30.

Ndugu wapenzi, Bwana wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara imempasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Fundisho hili lawahusu pia watoto wetu waendao vyuoni.

Tuseme kijana wa Mbamba Bay amekwisha kukubaliwa na Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha Kanisa letu. Baadaye, katika awamu ya mwisho, aitwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Afanyeje?

1. Asichague kwa ajili ya sifa ya jina. Na aulize: Nitafundishwa elimu gani? Ada ni kiasi gani? Mkopo wa Serikali utatosha? Njia ni ile ile, kupitia Mbinga, Songea na Njombe. Lakini aendaye Dar es Salaam huipita Iringa na kuendelea mbali, na nauli yatoka katika kahawa ya mjomba na usipa wa baba.

2. Asishike nafasi mbili. Tume ya Vyuo Vikuu huagiza aliyekubaliwa mahali pengi athibitishe mahali pamoja tu, kabla ya siku iliyowekwa. Nafasi aishikayo bure ni ya mtoto wa mwingine, angojaye kama yeye alivyongoja.

3. Akiisha kuchagua, akiage kwa shukrani chuo akiachacho, wala asitazame nyuma.

Swali la kuzungumza nyumbani: Je, sisi wazazi twashika nafasi ya nani bure?