Kupima Eneo la Kuona: Kwa Nini Kusoma Herufi Hakutoshi

Mtu anapokwenda kupimwa macho, kipimo anachokitarajia ni kile cha bango la herufi lililotundikwa ukutani. Akifaulu kusoma mstari wa chini, hurejea nyumbani akiamini kwamba macho yake ni mazima. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Bango la herufi hupima sehemu ndogo ya katikati, ile itumikayo kusoma, kushona na kutambua sura za watu. Halipimi pembeni, ambako ndiko dereva wa bodaboda huliona lori linaloingia barabarani, na mama aliye sokoni humwona mtoto anayekimbia kando yake. Yapo maradhi yanayoharibu uwezo wa kuona pembeni kwa miaka mingi huku katikati pakiwa pazima. Somo hili linaeleza namna maradhi hayo yanavyogunduliwa, na hatua ambazo mkazi wa Chapwa anaweza kuzichukua kabla ya kuchelewa.

Eneo la kuona ni nini?

Jicho likiwa limetulia na kutazama nukta moja, huona pia vitu vingi vinavyoizunguka nukta hiyo. Jumla ya vyote vinavyoonekana bila jicho kuhama ndiyo eneo la kuona. Kwa jicho zima, eneo hilo hufika takribani digrii 60 upande wa juu na upande wa pua, digrii 70 upande wa chini, na digrii 90 au zaidi kidogo upande wa sikio.

Picha ya vitu hivyo huangukia kwenye retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Retina huugeuza mwanga kuwa ishara, na ishara hizo husafirishwa hadi kwenye ubongo na neva ya jicho, yenye nyuzi zaidi ya 1,000,000. Nyuzi zikifa, sehemu ya eneo la kuona hufa pamoja nazo.

Jaribio la karatasi

Kila jicho, hata lililo zima, lina doa pofu: mahali neva inapotokea, ambapo retina haioni chochote. Doa hilo lilielezwa na mwanasayansi Mfaransa Edme Mariotte katika karne ya 17. Mtu yeyote anaweza kulithibitisha. Achore msalaba mdogo kwenye karatasi nyeupe, kisha sentimita 8 upande wa kulia wa msalaba huo achore nukta nyeusi. Afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba kwa jicho la kulia, na aisogeze karatasi polepole. Inapofika takribani sentimita 30 kutoka usoni, nukta hutoweka.

Funzo kubwa la jaribio hilo ni kile kinachoonekana mahali pa nukta. Hapaonekani shimo wala kiza, bali weupe wa karatasi. Ubongo huliziba pengo kwa kubuni kilichopaswa kuwapo. Hii ndiyo sababu mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya eneo la kuona bila kuhisi kwamba amepoteza kitu, hasa ikiwa jicho moja bado linalisaidia lenzake.

Glakoma, mwizi asiyebisha hodi

Ugonjwa unaoongoza kwa kupoteza uoni kwa njia hiyo ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Presha hiyo si ile ya damu. Ni shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho. Likizidi kiasi ambacho neva ya jicho inaweza kuhimili, nyuzi hufa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu wala wekundu. Neva za baadhi ya watu hudhurika hata shinikizo likiwa la kawaida, hivyo kupima shinikizo peke yake hakutoshi.

Ugonjwa huu si wa nchi za mbali. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwachunguza watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Takribani wanne kati ya kila 100 walikutwa na glakoma.

Hatari huongezeka pale glakoma inapodhaniwa kuwa mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho anaweza kufanyiwa upasuaji na kuona tena, hata akiwa amechelewa. Mwenye glakoma akikaa nyumbani akisubiri ugonjwa “ukomae”, kilichopotea hakirudi tena.

Namna kipimo kinavyofanyika

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mhudumu na mgonjwa huketi wakitazamana, umbali wa kama mita moja. Kila mmoja hufunika jicho linaloelekeana na lililofunikwa na mwenzake, kisha mgonjwa huitazama pua ya mhudumu bila kuhamisha jicho. Mhudumu huleta vidole kutoka pembeni, na mgonjwa husema anapoviona. Kipimo hiki hugundua upungufu mkubwa, lakini mdogo hukipita.

Upungufu mdogo hutafutwa kwa mashine. Mgonjwa huweka kidevu mahali palipoandaliwa, jicho moja likafunikwa, naye akatazama nukta iliyo katikati ya bakuli kubwa jeupe. Vimwanga hutokea hapa na pale, vingine vikali, vingine hafifu. Kila anapokiona kimoja, hubonyeza kitufe. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa kwa kila jicho, na mwisho mashine huchapa ramani yenye sehemu zinazoona vizuri na zile zilizofifia.

Vimwanga vingine hufanywa hafifu kiasi kwamba hata jicho zima haliwezi kuviona, kwa hiyo kutoviona vyote si kushindwa. Asiyeona asibonyeze kwa kubahatisha, na asilihamishe jicho kuvitafuta. Majibu ya mara ya kwanza huweza kuvurugwa na uchovu au ugeni, ndiyo maana daktari huagiza kipimo kirudiwe na kulinganisha ramani za miezi au miaka tofauti. Karatasi za majibu zitunzwe kama inavyotunzwa kadi ya kliniki ya mtoto.

Kuichunguza retina yenyewe

Ili kuiona retina na kichwa cha neva, daktari huweka matone ya kupanua mboni, kisha humulika ndani ya jicho kwa kifaa maalumu. Baada ya matone hayo macho hupata ukungu kwa saa kadhaa. Mgonjwa asiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo. Hospitali kubwa huweza pia kupiga picha ya retina au kupima unene wa tabaka zake.

Uchunguzi huo unawahusu hasa watu wa makundi matatu. Wa kwanza ni wenye kisukari, ambao mishipa ya damu ya retina zao huweza kuvuja kabla hawajaona dalili yoyote. Wa pili ni waliowahi kuugua usubi, ugonjwa unaojulikana katika ukanda wa Rungwe, Kyela na Ileje, ambao huweza kuharibu retina na neva na kulibana eneo la kuona. Wa tatu ni wanaotumia ethambutoli, moja ya dawa za kifua kikuu, ambayo kwa wachache hudhuru neva ya jicho. Mgonjwa wa kifua kikuu akiona rangi nyekundu imefifia au katikati pamekuwa na ukungu, asiache dawa kwa uamuzi wake. Amweleze mhudumu wake mara moja.

Tiba huokoa kilichobaki

Glakoma hudhibitiwa kwa matone ya kila siku, leza au upasuaji. Utafiti wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza na matone ya timolol kwa wagonjwa 201. Baada ya mwaka mmoja, tiba ya leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na ya matone kwa asilimia 31. Hata hivyo, tiba zote hulinda tu uoni uliobaki.

Hatua kwa mkazi

Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na hasa aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, aombe kupimwa macho hata kama anaona vizuri. Aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, naye ataelekezwa kwa rufaa ngazi za juu, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inapobidi. Matone yenye steroidi yasinunuliwe dukani bila cheti cha daktari, kwani yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la jicho. Na anayejigonga milangoni, kukosa ngazi au kushtukizwa na vyombo vya moto vinavyotokea pembeni asiseme ni uzee tu. Aende akapimwe.